Ufeministi wa Nani? Utafiti wa Joyce Antler na Kimya cha Kamukuywa

Imekuwa ada katika tasnifu za uzamili zinazoandikwa katika idara za fasihi za Afrika Mashariki kuifungua sura ya nadharia kwa orodha ya majina. Betty Friedan hutajwa kwanza kwa sababu ya The Feminine Mystique ya mwaka 1963. Shulamith Firestone hufuata na The Dialectic of Sex ya mwaka 1970. Kisha, baada ya aya mbili au tatu, majina yote hufungwa kitita kimoja, kitita hicho hupewa lakabu ya "ufeministi wa Kimagharibi", na mtahiniwa hutangaza kwamba ufeministi huo ni wa wanawake weupe wa tabaka la kati, kwamba haumhusu mwanamke wa Kiafrika, na kwamba yeye atatumia "mtazamo wa Kiafrika", ambao aghalabu haufafanuliwi tena hadi ukurasa wa mwisho. Msimamizi huridhika. Mtahini wa nje naye huridhika. Kuikataa nadharia ni haki ya mhakiki yeyote, na zipo nadharia zinazostahili kukataliwa. Lakini hapa kinachokataliwa ni kitu ambacho hakikuchunguzwa.

Neno "Magharibi" ndilo la kulaumiwa kwanza. Mwanafunzi anayetoka Kamukuywa, kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, anajua fika kwamba yeye pia huitwa mtu wa Magharibi, yaani magharibi mwa Kenya, na angecheka sana iwapo mtu angedai kuwa Mbukusu, Msabaoti, Mteso na Mmaragoli wana kauli moja kwa sababu jua huwachwea upande mmoja. Mwanafunzi huyohuyo akifika maktabani husadiki bila kusita kwamba wanawake wote walioandika New York na Chicago walikuwa na baba mmoja na mama mmoja. Hakuna anayemuuliza walikuwa akina nani.

Walikuwa akina nani ndilo swali la Joyce Antler, mwanahistoria aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Brandeis nchini Marekani. Kitabu chake Jewish Radical Feminism, kilichotoka mwaka 2018, kinaanza na jambo lililokuwa wazi machoni pa wote na ambalo halikutamkwa na yeyote: wengi mno kati ya wanawake waliokuwa mstari wa mbele katika harakati za ukombozi wa wanawake za miaka ya 1960 na 1970 walikuwa Wayahudi. Friedan alizaliwa Bettye Goldstein mjini Peoria, Illinois, mwaka 1921. Firestone alilelewa katika nyumba iliyoshika sheria ya Kiyahudi kwa ukali. Mjini Chicago, Heather Booth, Amy Kesselman, Vivian Rothstein na Naomi Weisstein walikuwa chanda na pete. Walizungumza juu ya ndoa, ujira, uzazi na vita vya Vietnam, ila si juu ya Uyahudi waliokuwa nao wote wanne. Hali ilikuwa hiyohiyo Boston na New York. Mwaka 2011 liliandaliwa kongamano katika Chuo Kikuu cha New York lililowakutanisha baadhi ya wanaharakati hao, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulijadili suala hilo pamoja, wakiwa tayari na mvi.

Sababu za kimya hicho, kama zinavyojitokeza katika maelezo yao, hazifanani. Wapo walioamini kuwa udugu wa wanawake ulivuka nasaba na dini, na kwamba kumtaja babu kungekuwa kurudi nyuma. Wapo walioiona dini ya Kiyahudi kuwa dini ya akina baba, isiyo na nafasi kwao. Wengine walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliokimbia mateso Urusi na Polandi. Nchini Marekani walikuwa ndio kwanza wamekubaliwa kuwa weupe kama weupe wengine, na hakuna aliyetamani kukumbusha. Huyu ndiye "mwanamke mweupe wa tabaka la kati" anayetupwa kando katika sura ya pili ya tasnifu. Kumjua hivyo hakumfanyi kuwa Mwafrika, wala hakuifuti lawama aliyoitoa bell hooks mwaka 1984 kwamba Friedan aliwasahau wanawake waliobebeshwa kazi za nyumbani ili hao wengine watoke. Lawama ya hooks ilikuwa ya haki kwa sababu hooks alikuwa amemsoma anayemlaumu. Mtahiniwa wa leo huikopa lawama na kuacha kusoma.

Hata hivyo, sehemu ya kitabu cha Antler inayomhusu zaidi msomaji wa Kamukuywa ni ile ya wanawake waliochukua njia nyingine, wale walioutamka Uyahudi wao kwa sauti. Mwezi Machi 1972 kikundi kidogo kilichojiita Ezrat Nashim, jina lenye maana mbili, ua waliotengewa wanawake hekaluni na pia msaada wa wanawake, kilikwenda kwenye mkutano wa marabi wa tapo la Conservative na madai yaliyoandikwa. Wanawake wahesabiwe katika akidi ya watu kumi ambayo pasipo hiyo sala ya jumuiya haitimii. Ushahidi wao ukubaliwe mbele ya sheria ya Kiyahudi. Wawe na haki ya kuanzisha talaka, maana kwa sheria hiyo mume ndiye atoaye hati, na asiyepewa hati hubaki amefungwa asiweze kuolewa tena. Wasomee urabi. Hawa hawakutaka kuihama dini yao. Walitaka kubaki ndani na wahesabiwe kuwa wamo. Miaka 18 baadaye mwanatheolojia Judith Plaskow, katika Standing Again at Sinai, alilipeleka swali hilo kwenye shina lenyewe: katika Kutoka 19:15, Musa anapowaandaa "watu" kulipokea agano, anawaagiza wasimkaribie mwanamke. Basi hao "watu" ni akina nani, na mwanamke alisimama wapi mlimani siku ile?

Ugumu wa nafasi yao ndio unaopaswa kumshtua mhakiki wa Kiafrika, kwa kuwa anaufahamu. Walikuwa wakiikosoa mila ya watu waliouawa kwa mamilioni miaka isiyozidi 30 iliyopita. Kila neno walilolisema juu ya mume asiyetoa talaka liliweza kuokotwa na adui wa Wayahudi wote, mume na mke. Wakisema, wanaambiwa wameanika ya ndani. Wakinyamaza, hati ya talaka haiji. Katika historia yote ya fikra za ukombozi wa mwanamke huko Marekani, ni vigumu kupata hali iliyo karibu zaidi na ya mwanamke wa taifa lililotawaliwa, anayeonewa na mila ambayo mkoloni naye anaidharau. Na hii ndiyo sehemu ambayo lakabu ya "Kimagharibi" inamzuia mwanafunzi kuiona.

Yafaa hali hiyo ilinganishwe na ya nyumbani. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, mwendo mfupi kutoka Kamukuywa, alikuwa muumini wa kanisa la Marafiki, wale Quakers waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902. Alitengwa na kanisa alipooa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowaita watu wairudie ibada ya wahenga na kuwataka Wazungu waondoke. Mwaka 1947 wafuasi walikwenda kutoa kafara mahali walipouawa Wabukusu katika vita vya mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwaua watu 11 huko Malakisi. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akawekwa kizuizini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haikufa. Ilikuwa imeenea miongoni mwa vibarua na maskwota wa mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, na serikali ya uhuru nayo iliipiga marufuku mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987. (Wapo wanafunzi wanaodhani Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko Kakamega kimepewa jina lake. Hicho ni cha mwanasiasa Muliro. Nabii bado hana chuo.)

Kisa cha mke wa pili husimuliwa mara nyingi, na husimuliwa kwa namna moja: misheni ilitaka kumvunja Mwafrika, Mwafrika akasimama na mila yake. Ni kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwapo kweli. Lakini kisa hicho kina watu watatu, na anayesimuliwa ni mmoja. Mke wa kwanza aliipokeaje mila hiyo iliyosimama imara? Wa pili aliingia nyumba ile kwa hiari gani? Anayethubutu kuuliza huambiwa mara moja kwamba anawatetea wamishenari, na hapo mjadala hufungwa. Jibu hilo ni lilelile walilopewa wanawake wa Ezrat Nashim, kwa maneno mengine.

Hesabu yenyewe ilikuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa. Misheni ilileta ndoa ya mke mmoja, shule ya wasichana na hospitali, kama inavyoonekana Lugulu hadi leo. Lakini ilivileta ikiwa imeketi ndani ya utawala ule uliowapa walowezi ardhi ya Trans Nzoia na kutoza kodi ya kibanda. Msambwa ilidai ardhi na heshima. Lakini iliidai pamoja na mila nzima, yaani ndoa ya wake wengi na kurithiwa kwa wajane. Mwanamke aliyetaka ardhi kutoka huku na mume asiyegawanywa kutoka kule angekwenda kusali wapi? Hakukuwa na kundi lililomsubiri, wala pengine jina la kumwita. Na kuhusu kurithi wajane, Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 25, inamwagiza ndugu wa marehemu amchukue mjane. Mzee wa Kibukusu na rabi wa kale wangeelewana hapo upesi kuliko yeyote kati yao angemwelewa mhubiri wa Marafiki.

Kuna jambo jingine la kina zaidi, nalo linahusu fasihi moja kwa moja. Wabukusu huhesabu historia kwa marika ya tohara: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa, majina manane yanayozunguka na kurudi. Tukio huwekwa mahali pake kwa kuulizwa lilitokea wakati rika gani lilipotahiriwa. Kalenda ni nzuri na sahihi, na imejengwa juu ya mwili wa mvulana. Vivyo hivyo kumuse, ile hotuba kuu ya matanga ambamo historia ya ukoo na ya jamii husemwa mbele ya umati, hutolewa na bingwa mwanamume. Jina la Manguliechi limewatosha watafiti wa fasihi simulizi kwa miongo kadhaa. Mwanamke ana nyimbo na ana maombolezo. Lakini mhakiki anapokusanya kumuse na kuiita "historia ya Wabukusu simulizi", amefanya kile alichokifanya Musa kwa neno "watu". Swali la Plaskow halihitaji kutafsiriwa sana ili liulizwe katika matanga ya Bungoma.

Fasihi andishi haijasaidia vya kutosha. Alamin Mazrui alimuumba Lanina katika Kilio cha Haki (1981), mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi katika mgomo, na uhakiki wa Kiswahili umemsifu ipasavyo kama mwanamapinduzi. Ni nadra kuona mhakiki akitoka kwenye tamthilia hiyo kwenda kuuliza akina Lanina wa kweli wa mashamba ya Kitale walikuwa wapi, walivuna nini, walikwenda kwenye mkutano gani wa usiku, na waliporudi walipokelewaje. Mhusika wa kubuni ametosheleza nafasi ya watu waliokuwapo. Ari Katini Mwachofi, katika Mama Ee (1987), aliileta ndoa yenyewe jukwaani na kuishtaki, naye alikumbana na lawama ileile ya kuiga wageni.

Atakayesema kwamba Uyahudi uko mbali mno na Mlima Elgon na aupande mlima huo ateremkie upande wa pili. Kuanzia mwaka 1919, karibu na Mbale nchini Uganda, Semei Kakungulu alianzisha jumuiya ya Kiyahudi inayoitwa Abayudaya, miongoni mwa Wagisu, Wagwere na wengineo. Wagisu na Wabukusu wanatambuana kuwa ndugu hata katika tohara. Jumuiya hiyo ilipitia marufuku ya Idi Amin. Mwaka 2002 watu wake wapatao 400 walikamilisha taratibu za kuongoka mbele ya marabi, wengi wa marabi hao wakiwa wa tapo la Conservative, tapo lililokabiliwa na Ezrat Nashim mwaka 1972 na ambalo lilimtawaza rabi wake wa kwanza mwanamke, Amy Eilberg, mwaka 1985. Ndiyo maana katika sinagogi la kilima cha Nabugoye wanawake huisoma Torati mbele ya jumuiya. Karatasi ya madai iliyoandikwa New York ilifika Mbale na kubadilisha sala ya wanakijiji. Kamukuywa na Mbale zinauangalia mlima mmoja, na tasnifu bado zinasema jambo hilo halimhusu Mwafrika.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa, nalo halipaswi kupuuzwa: Uyahudi, huambiwa, ni Israeli, na Israeli ni suala la Wapalestina. Wakazi wa eneo la Kitale wana sababu yao wenyewe ya kuwa macho, kwani mwaka 1903 Joseph Chamberlain aliwapa Wazayuni nyanda za Uasin Gishu, jirani kabisa na Trans Nzoia, bila kuwauliza wenyeji. Ujumbe wa uchunguzi ulikuja, na ni kongamano la Basel la mwaka 1905 lililoikataa zawadi hiyo. Lakini Nairobi pia ina kumbukumbu yake. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika huko Julai 1985 nusura uvunjike juu ya neno Uzayuni, ambalo hati za Mexico 1975 na Copenhagen 1980 zilikuwa zimelilaani; ukaokolewa kwa usuluhishi wa Kenya, neno hilo likaondolewa na mahali pake pakawekwa maneno yanayolaani aina nyinginezo zote za ubaguzi wa rangi. Wakati huohuo, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali, Friedan alikaa chini ya mti siku baada ya siku akijadiliana na waliotaka kumsikiliza na waliotaka kumpinga. Kamati ya maandalizi ya Kenya ya jukwaa hilo iliongozwa na Eddah Gachukia, msomi wa fasihi. Mabishano makali juu ya Uyahudi, Upalestina na ukombozi wa wanawake yalifanyika basi hatua chache kutoka madarasa ya fasihi, na wanawake wa Antler wenyewe hawakuwa upande mmoja: wapo waliojitenga na wenzao kwa kuhisi chuki dhidi ya Wayahudi, wapo walioikosoa Israeli hadharani, wapo waliofanya yote mawili. Kitabu kinachoonyesha mgawanyiko wa namna hiyo hakiwezi kuitwa kipaza sauti cha serikali yoyote.

Antler naye ana upungufu wake. Anaowasikiliza ni watu wa vyuo, walioandika barua, makala na kumbukumbu, na wanaoweza kujieleza kwa ufasaha mbele ya mtafiti. Aidha, kuna hatari ya kumpa mtu baada ya miaka 40 kitambulisho ambacho hakukibeba alipokuwa katika harakati. Aliyesema wakati ule kwamba Uyahudi haukumgusa huenda alisema kweli. Mtafiti wa Kamukuywa hataweza kumfuata Antler hadi mwisho kwa sababu hiyohiyo ya kwanza. Hatapata barua. Atapata nyimbo, majina ya watoto, mashauri ya mahari katika mabaraza ya wazee, na wanawake wachache waliosalia: aliyekuwa msichana wa miaka 12 wakati risasi zilipolia Malakisi sasa anakaribia miaka 90.

Wala kazi hiyo haianzi kwenye jangwa. Mwanasosholojia wa Kanada, Audrey Wipper, alichapisha mwaka 1977 Rural Rebels, juu ya harakati ya Mumbo na Dini ya Msambwa. Mwaka 1975 alikuwa ameandika juu ya Maendeleo ya Wanawake na jinsi uongozi wake ulivyovutwa upande wa wenye nguvu. Mwaka 1989 akaandika juu ya wanawake wa Kikuyu katika ghasia za Harry Thuku za mwaka 1922, zile za Muthoni Nyanjiru. Historia ya harakati na historia ya wanawake zote zimo mikononi mwa mtafiti huyo mmoja, kila moja katika machapisho yake. Kuzikutanisha Kimilili na Trans Nzoia kulibaki kazi ya wengine, na hao wengine, ambao wengi ni wazaliwa wa sehemu hizo na wanajua Lubukusu, wamekuwa wakishughulika kumkanusha Friedan.

Kanuni za idara zina sehemu yao katika lawama. Hudai sura ya nadharia iandikwe, isahihishwe na kuidhinishwa kabla mtafiti hajasikia neno lolote nyanjani, hivi kwamba anaposhuka matatu Kamukuywa tayari ameshaambiwa atakachokikuta. Dodoso lake lina neno "ukandamizaji" katika kila swali. Ataletewa chai na kuambiwa anayotaka kusikia. Antler alianza na swali linaloweza kuulizwa kwa lugha yoyote: ni jambo gani ambalo nyote mlilijua na hamkuwahi kulizungumza mlipokuwa pamoja? Likiulizwa kwa Lubukusu, jikoni badala ya barazani, huenda lisijibiwe siku ya kwanza wala ya pili, na ratiba ya uzamili kama ilivyo haina siku ya tatu.